Damu ya Mama Charles

Saa tatu na nusu asubuhi, Daktari Yuster Bartholomayo alifungua friji ya mafuta ya taa katika zahanati moja ya Mkunya. Vichupa vitatu vya damu alivyoviacha mezani vilikuwa vimelazwa humo katikati ya barafu, vimefanya ukungu mweupe.

"Nimekuwekea pazuri, Daktari," alisema Basil, mchanjaji wa zahanati. "Ulipokwenda kunywa uji niliona jua linavifuata. Miaka tisa sasa, chanjo haijaniharibikia hata moja."

Yuster alikitoa kimoja, akakipindua. Damu haikuteleza.

"Hii si chanjo, Basil. Nilitaka chembe hai. Barafu imeziua zote."

Basil akavua kofia, akabaki ameishika.

Yuster alizaliwa Lupaso, akasoma hadi ng'ambo, na kwa miaka kumi na miwili swali lake lilikuwa moja: kwa nini chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, humwona adui wa kila aina ila saratani huiacha ipite? Sasa alikuwa amempata mtu ambaye askari wake hawakuiacha. Mama Charles, mkulima wa korosho, aliotwa na uvimbe mweusi unyayoni. Kipande kilipimwa Dar es Salaam, ikathibitika ni saratani. Alikataa kukatwa mguu, akarudi shambani. Mwaka uliofuata uvimbe ulikuwa umekwisha wenyewe, pamebaki baka jeupe.

Kipande kile kilikuwa bado kinakuzwa maabara, hukohuko Dar es Salaam. Yuster alitaka kukikutanisha na damu ya mwenyewe, aone kama askari wale watapigana tena. Lakini nje ya mwili hawangemaliza siku mbili, na mwisho wa wiki ile wafadhili walikuwa wanaifunga maabara. Mahmudu, mmoja wa wanunuzi binafsi waliomiminika tangu biashara ya korosho ifunguliwe, angeondoka na gari saa tano kwenda Masasi. Ndege ndogo ya kampuni yake ingeruka kutoka huko saa tisa kwenda Dar es Salaam. Nafasi nyingine haikuwapo.

"Nakwenda kumwomba Mama Charles damu nyingine," alisema Yuster.

"Usinitaje, Daktari. Yule ni mkwe wangu. Nimeoa kwake, nakaa uani kwake. Nitaweka wapi uso?"

Mama Charles alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umerudi mbio? Umesahau sindano mkononi mwangu?"

"Naomba damu tena."

Kisu kikasimama. "Ulisema mara moja tu."

"Nilisema."

"Ile iko wapi?"

Yuster alikuwa amejiandaa kusema haikutosha. Ulimi ukakataa. "Imeharibika. Niliiacha bila kueleza itunzwe vipi. Kosa langu."

"Mtu mzima, umesoma mpaka mvi, vichupa vitatu vinakushinda?" Mama Charles alicheka kidogo. "Au ni mkwe wangu na friji lake? Lile analipangusa kuliko anavyomwangalia mwanangu."

"Mimi ndiye niliyeviacha, Mama."

Honi ya Mahmudu ikalia barabarani, mara mbili. Yuster alitazama saa, akaificha ndani ya mkono wa gauni. Mama Charles aliweka kisu chini.

"Damu hiyo inataka kukaaje?"

"Kivulini tu. Isipate jua, isipate baridi."

"Haya, mkono huu. Lakini safari hii naibeba mwenyewe mpaka kwenye ndege. Ninyi wasomi siwaamini."

Damu ilipokwisha kutolewa, aliketi mbele karibu na Mahmudu, vichupa vimefungwa katika pindo la kanga. Yuster alikaa nyuma juu ya magunia. Kwenye mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa juu gurudumu lilipasuka. Alishuka akalizunguka gari mara tatu, akamhimiza Mahmudu mpaka akaambiwa ashike jeki au anyamaze. Akaishika.

Walipofika Masasi, panga za ndege zilikuwa zinazunguka. Mama Charles alifungua pindo, akamwekea vichupa mkononi kimoja kimoja.

"Chembe zangu zikimpiga adui tena, unijulishe."

"Nitakujulisha."

"Na zikishindwa, unijulishe vilevile. Mguu ni wangu."

"Nitakuja mwenyewe, Mama," alisema Yuster, akakimbilia ndege.