Kijiko Kimoja cha Kungumanga

Kuna mambo manne ninayomwambia kila mteja pale Milimani ninapokanda watu, kabla sijafungua chupa ya mafuta ya kungumanga. Hayapakwi matupu, ni matone matatu kwenye vijiko viwili vya mafuta ya simsim. Yajaribiwe kwanza mkononi. Mwenye mimba akae mbali nayo. Na hayanywewi. Nimeyarudia hadi wateja wengine hunicheka.

Mama yangu sikumwambia hilo la nne. Mtu gani humwambia mamake asinywe mafuta ya kukandia?

Mama, Milka, anakaa nami Manyatta tangu kaka yangu Ondiek auawe na lori pale Kondele, miaka mitatu sasa. Magoti yanamuuma, na usingizi ulimkimbia siku ile ile. Nilimletea chupa ndogo nyumbani, nikamchanganyia mwenyewe. Akatazama yale matone yakidondoka, akasonya.

"Lorine, nyara, binti yangu, sasa hiyo ndio dawa? Kwani unapea kifaranga?"

"Mama, hii ni kali."

"Kali gani na haifiki hata kwa goti?"

Nikacheka. Naungama, nilicheka, nikaiacha chupa kabatini.

Ijumaa asubuhi akaibeba kwenda kwa maombi ya akina mama. Kwao, chupa ndogo ya mafuta ina kazi moja tu: inaombewa, watu wanapakwa kwenye paji la uso, na mgonjwa anapewa kijiko anywe. Kwa kawaida ni mafuta ya mzeituni, hayana neno. Mama Agneta, kiongozi wao, akainua chupa yangu juu, wakaomba kwa nguvu, na mama akameza kijiko kizima. Wengine walipakwa tu. Nashukuru, ingawa shukrani yenyewe ni chungu.

Agneta alinipigia simu saa nane mchana. Nilimkuta mama hospitalini, midomo imemkauka, moyo unaenda mbio hadi leso inatikisika kifuani. Agneta akanirudishia chupa, nikampa daktari. Akaisoma, akairudia.

"Hakuna dawa ya kuyatoa," akasema. "Tutamwekea maji, tuangalie moyo. Siku moja, labda mbili. Moyo ukikubali, atapona."

"Na ukikataa?"

Akamwita nesi alete maji.

Mikono yangu huwalegeza watu nisiowajua hata majina. Pale haikuwa na kazi. Nilimshika mama mguu, akauvuta. Hakunijua. Alikuwa anaongea na ukuta kwa Dholuo, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Ondiek, kaa basi. Umekula? Halafu anasikiliza, halafu anacheka. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, Lorine." Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, nisimkatize mwanawe.

Ikawa hivyo hadi Jumamosi jioni. Niliomba pia, mimi niliyewakasirikia waombaji. Nilimkasirikia Agneta, nikamkasirikia mama, na zaidi nikajichukia mwenyewe kwa maneno matatu tu ambayo sikuyasema: Mama, usinywe hii. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nilikuwa nimeketi hapo nikiyatazama.

Jumapili asubuhi moyo ulitulia. Akanitazama, akaniita kwa jina. Nililia bila aibu. Kisha nikamweleza yote: kwamba kijiko kile kilikuwa sumu, kwamba tulikaribia kumpoteza. Alinisikiliza vizuri kuliko siku zote. Akaomba chai, akanywa nusu kikombe.

"Nimeelewa, nyara," akasema. Kisha akanivuta karibu, akashusha sauti ili nesi asisikie. "Ile chupa bado iko?"

"Mama!"

"Kijiko kidogo tu. Kuna kitu Ondiek alikuwa anataka kuniambia, na nyinyi mkaniamsha."

"Hainywewi, Mama," nikamwambia. "Hainywewi."

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa, macho yake yakiwa kwenye mkoba wangu.