Maji ya Kumtengea Mgeni

Mwaka 1974 nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Mpanda, na binti yangu Nyamizi, wa miaka mitatu, alikuwa kitandani anaharisha kwa mara ya tatu. Daktari wa zahanati hakuzunguka: "Ni maji yenu ya bomba. Chemsheni." Kuni zilipopatikana, tulichemsha. Zilipokosekana, mama yangu aliyaacha yatuame mtungini, akayachuja kwa kitenge, tukanywa.

Tabora nilikuwa nimeyaona maji ya bomba yanayong'aa. Niliudhika. Kwani watu wa kule wana matumbo ya dhahabu? Basi niliposikia mhandisi wa maji anakuja kuamua tangi la mtaa gani liwekewe chujio, nilifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimngoja kwa maana hiyo hasa. Nilimwomba rafiki wa kwenye treni anijazie chupa moja Tabora. Ya pili niliijaza bombani kwangu, maji mekundu kama chai ya rangi. Nikabandika karatasi, TABORA na MPANDA, nikaziacha mezani, nikaenda kumpokea mgeni.

Tulipofika nyumbani, mhandisi aliziinua zote mbili dirishani. Chupa ya Mpanda ilikuwa inang'aa. Bila ile karatasi nisingeijua.

"Mbona yanafanana, ndugu?"

"Siyo haya! Haya siyo maji yetu!"

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

Nikamvuta hadi uani, nikafungua bomba. Likakohoa upepo, likanyamaza. Zamu yetu ya maji ilikuwa asubuhi, na sasa ni saa nane mchana. Yule bwana alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliandika "safi" kwenye daftari, akachukua chupa zote mbili kuwa ushahidi, akaenda mtaa wa pili.

Nilimfuata mama jikoni, nikamwuliza kwa sauti ambayo mtoto hamwulizii mzazi.

"Nimeyamwaga mimi," akasema bila wasiwasi. "Nyie mmesoma mpaka mmesahau adabu? Mgeni wa serikali anakuja, unamtengea matope? Kijijini kwetu Mamba hata mpita njia hapewi maji ya hivyo. Nimemwekea ya mtungini, yaliyotuama vizuri."

Ya mtungini. Hayo hayo ndiyo aliyokuwa akinywa Nyamizi.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Mama aliyenifundisha kwamba mgeni hupewa kilicho bora? Nilikaa kwenye kigoda, nikashika kichwa.

"Aliyapenda?" mama akauliza.

"Aliyapenda, mama. Ameandika ni safi."

"Si unaona!"

Chumbani Nyamizi akaita maji. Kuni hazikuwepo, na maji mengine sikuwa nayo. Mama akachota kikombe mtungini, akampelekea.