Dirisha Linalotazama Bahari

...na hapa mbele, anasema dalali Amutenya, wageni wote wa Desemba watapita tu, wakitoka kuogelea wakienda kula, na Albertina anaitikia hm, hm, huku macho yake yako kwa mzee Gerhard, kinyozi, ambaye hajainua kichwa tangu waingie, anamnyoa mteja na kurudia kando ya sikio lile lile, kwa hiyo anajua, nani hajui, Swakopmund nzima inajua kuwa jengo linauzwa na mnunuzi ni yeye, mjane wa Ewald, hata kule kwao Okakarara shemeji yake alimwuliza mbele ya watu, shemeji, unauza ng'ombe wa marehemu ununue kuta? naye akajibu kuta hazifi kwa ukame, wakacheka, akacheka nao, ingawa swali lenyewe hajalisahau mpaka leo... juu kuna vyumba vya kupangisha watalii, anasema Amutenya, na huyu mzee hana mkataba, waliafikiana kwa mdomo tu na mwenye nyumba... anaongea kana kwamba mzee ni kabati, na Albertina anageukia dirisha, kioo kipana, ukungu umeanza kupanda barabarani, hapa ndipo magauni yake yangesimama, yale mapana ya Kiherero yanayohitaji nafasi, na vilemba vya umbo la pembe za ng'ombe juu yake, miaka yote ameshonea jikoni, kitambaa kikinuka vitunguu, wageni wanawapiga picha wanawake waliovaa hivyo njiani wala hawajui pa kununulia, basi kwa nini asilitake dirisha hili, analitaka, analitaka mno, hakumwibia mtu... lakini Ewald, siku zile za hospitali, alikuwa amegoma kula na kuzungumza, na mzee Gerhard akaja na mkoba wake wa kunyolea bila kuitwa, Albertina akawapisha, akiwa ukumbini akamsikia mumewe, sauti imebaki uzi, anasema, unaninyoa vizuri hivi, kwani naenda kuoa? na mzee akamjibu, hata huko wapo wajane, ndugu yangu, jiweke tayari, na Ewald akacheka, alicheka kweli, na Albertina kule ukumbini akaona wivu, wivu wa kijinga, kwamba kicheko kile cha mwisho si yeye aliyekileta, na labda, Mungu amsamehe, ndiyo maana ameweza kusimama hapa na kumwacha dalali aongee hivyo juu ya mzee... haya, sasa amejua, na ajabu ni kwamba haumii, anajiona tu mwepesi, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, anaanza kupima kwa macho, gauni moja kule, jingine pale, wanaume watanyolewa huku wanawake wanapimwa viuno, watu watasema, na waseme... "Basi, mama," anauliza Amutenya, "mzee nimwambie ahame lini?" mteja bado amekaa na shuka lake shingoni, na Albertina anampita dalali, anazungumza na yule anayehusika.

"Mzee Gerhard, nikikuachia upande wa mlangoni, kiti chako kitatosha?"