Kikohozi cha Chumba cha Nyuma

Fundi wa kutengeneza cherehani wa mtaa ule walimwita Masikio, na jina lenyewe halikuwa la mzaha. Wenzake hufungua mashine ndipo waone ubovu. Yeye hukanyaga pedali, akafumba macho, akasikiliza. Katikati ya kelele zile zote za gurudumu, mkanda na sindano, kikiingia kitu kigeni tu, keshajua kilipo.

Lakini cherehani ya leo ilimtoa jasho. Kulikuwa na kitu kinagonga, kidogo sana, kinakuja kinapotea, na kila akikaribia kukinasa, baba yake anakohoa chumba cha nyuma. Mzee alikuwa na kifua kibovu tangu mvua zianze, na kikohozi chake kilishakuwa sehemu ya nyumba. Asubuhi nzima Masikio alijikaza kisabuni. Mwishowe uzalendo ukamshinda, akapaza sauti kuelekea ukutani.

"Baba, nitasikiaje kitu na kikohozi hicho?"

Akakanyaga tena, na safari hii mlio ukajitokeza wazi: skrubu imelegea chini ya meza. Akaikaza, akajichekea mwenyewe, akavuta cherehani nyingine.

Hata hivyo hakutulia. Alikaa, akainuka, akachungulia barabarani, akarudi kukaa. Kuna kitu hakikuwa sawa, ila asingeweza kukitaja, maana hakuna kilichoongezeka. Sikio lake lile la kusifiwa lilijua kukidaka kinachoingia. Kinachotoka lilikiacha kiende zake.

Mkewe akarudi kutoka sokoni, akatua kikapu, akauliza kama mzee kalala, mbona kimya hivi.

Kimya tangu saa ngapi? Hakujua. Yeye, Masikio mzima, hakujua! Alitupa bisibisi, akakimbilia chumba cha nyuma.

Baba yake alikuwa ameketi kitandani, taulo kalikandamiza mdomoni kwa mikono miwili, uso umemvimba, machozi yanamchuruzika, mabega yanaruka. Alikuwa akikohoa. Alipomwona mwanawe akalishusha taulo kidogo.

"Umeshakisikia hicho kitu?" aliuliza, pumzi zikimkatika.

Masikio alipiga magoti. Alilichukua lile taulo, limelowa chepechepe, akaliweka mbali.

"Kohoa, baba," alisema. "Kohoa, nakusikia."