Sehemu ya Tatu ya Ndama wa Mjane

Jumapili ya kumi na nne mfululizo, Shangazi Zelma alisema neno lilelile.

"Bado."

Orlena aliilaza banjo mapajani. Kando yake mumewe, Wendell, alishusha fidla begani akatazama dari, maana alijua kinachofuata.

"Bado nini, Shangazi? Niambie basi, nirekebishe."

"Bado ni bado. Mkate wa mahindi uko jikoni, na siagi ya tufaha ipo. Kaleni."

Ndivyo alivyokuwa bibi huyo. Miaka tisini na mmoja, kiti chake cha kubembea, ugoro umejaa ndani ya mdomo wa chini, na neno la pili hulipati hata umpigie magoti. Orlena alikuwa binti wa kaka yake, mtu mzima wa miaka hamsini na minane mwenye wajukuu, lakini kwenye baraza ile alijibiwa kama katoto kalikovunja sahani.

Alichokuwa anakitafuta ni kitu kimoja tu. Wimbo wa Ndama wa Mjane una sehemu tatu, na bonde zima linajua hivyo. Mbili za kwanza zimo kwenye kaseti aliyoirekodi marehemu baba yake Orlena, siku vidole vya Zelma vilipokuwa bado vyepesi. Kaseti ikaisha kabla ya sehemu ya tatu, na baba wa watu hakuwa na nyingine mfukoni. Baadaye baridi yabisi ikamkunja Zelma mikono, akaitundika banjo ukutani. Sehemu ya tatu ikabaki kichwani mwake peke yake, na Jumamosi iliyokuwa inakuja mwanawe Doyle alikuwa anakuja kumhamishia kwake Ohio. Ukiondoka milimani kwenda Ohio na miaka tisini na mmoja, jamani, tusidanganyane.

"Labda hataki tu," Wendell alisema walipokuwa wanarudi nyumbani.

"Anataka. Ungeona macho yake tunapopiga. Kuna kitu tunakosea."

"Tumebadilisha nyuzi. Tumebadilisha ngozi ya banjo. Mimi nimenyoa hadi ndevu. Tukosee nini tena?"

"Sijui. Lakini siondoki kwenye wimbo huu mpaka nijue, Wendell. Ukichoka, kalale."

"Nani kasema nimechoka? Nimeuliza tu."

Jumatano baada ya chakula cha mchana wakageuza jiko kuwa studio, kama kawaida yao. Wendell alipigilia mablanketi ya viraka madirishani, mbwa akafukuzwa nje, friji ikazimwa isingurume. Funguo za gari wakaziweka ndani ya friji hiyohiyo, ili asiwepo wa kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Mwaka juzi walisahau, wakala nyama ya paa siku tatu mfululizo isiharibike. Wakakaa kwenye viti viwili, magoti yakikaribia kugusana. Orlena akaanza, mkono wake wa kulia ukishuka kwenye nyuzi kwa kucha, kidole gumba kikidaka ule uzi mfupi wa juu, na fidla ikamfuata kama mbwa na mwenyewe.

Walirekodi mara sita. Mara ya sita ilikuwa safi, hata Wendell alitabasamu.

"Sasa tulinganishe na ya Shangazi," Orlena alisema.

"Tumeshailinganisha mara elfu!"

"Hatujawahi kuisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Nipe."

Akavivaa, akafumba macho. Kaseti ikakwaruza, kisha Zelma wa enzi zake akaingia. Mwishoni mwa sehemu ya pili kikaja kile kituo, pigo moja tupu, mkono ukiwa hewani, ndipo wimbo ukaendelea. Kituo hicho ndicho kilichokuwa fahari ya Orlena. Nyimbo za zamani za milimani nyingi zimepinda namna hiyo, hazitembei sawasawa, na wapigaji wa siku hizi huzinyoosha ili wachezaji wasikanyagane. Orlena hakunyoosha kitu. Kama Shangazi kasimama pigo moja, na yeye husimama pigo moja.

Akarudisha kaseti nyuma. Akasikiliza tena. Akairudisha tena, sasa uso umembadilika.

"Wendell. Hebu vaa."

Wendell akavaa. Katika kile kituo, chini kabisa, palikuwa na sauti ndogo ya midomo: *ptu*. Halafu bati: *ting*.

"Mungu wangu," Wendell alisema polepole. "Ametema ugoro."

"Kwenye kopo."

"Kwenye kopo! Orlena, hicho si kituo. Bibi alikuwa anatema mate!"

Wakacheka mpaka Wendell akateleza kitini. Kisha Orlena akaacha kucheka ghafla, mkono mdomoni. Miaka kumi na moja walikuwa wamepiga hivyo! Walifundisha hivyo kila kiangazi kwenye kambi za muziki, wakawagombeza wanafunzi walioruka kile kituo.

"Kuna mabwana wawili wa Japani tuliowafundisha kambini," alisema, "sasa hivi, huko kwao, wanaacha nafasi ya ugoro wa Shangazi Zelma."

Aibu ilimchoma. Akawaza mbele zaidi: kumbe Jumapili kumi na nne wamekaa mbele ya mzee wa watu wakimwigiza anavyotema! Si ajabu kawanyima. Akakamata banjo.

"Tunaunyoosha. Mpaka Jumamosi."

Ni rahisi kusema. Mkono uliozoea kusimama ni mkaidi kuliko nyumbu. Kila ulipofika pale, ulisimama. Wendell alikaa mbele yake akigonga meza kwa mwiko, na kila mkono uliposita alipiga kelele, "Usiteme!" Alhamisi Orlena alikosea asubuhi nzima. Ijumaa aliuimba wimbo akiosha vyombo, akaupiga akitembea uani, akaupiga amempa mume mgongo ili asimwone akilia kwa hasira. Kucha ya kidole cha shahada ikapasuka. Akaigandisha kwa gundi, akaendelea. Ijumaa jioni alipita pale mara ishirini bila kusita hata moja, na Wendell akauweka mwiko chini.

Jumamosi asubuhi walitoka mbio hata kinasa sauti kikabaki mezani. Gari la Doyle lilikuwa limeshapakiwa, injini ikinguruma. Zelma alikuwa barazani, koti limefungwa hadi shingoni, kama mtu anayepelekwa mahakamani.

"Mama, tunachelewa," Doyle alisema.

"Nyamaza. Wamekuja na vyombo vyao."

"Shangazi, nisamehe," Orlena alianza. "Hatukuwa tunakudhihaki. Sikujua kama..."

"Piga."

Wakapiga. Sehemu ya kwanza, mara mbili. Sehemu ya pili, na pale palipokuwa na kituo mkono wa Orlena ukapita moja kwa moja. Zelma akashtuka kitini. Mkono wake uliokunjamana ukaanza kushuka kwenye paja, juu ya koti, kucha chini, gumba juu, na kinywa kikafunguka: *da-di-dam, da-di-di-dam*. Ilikuwa sauti ya juu kuliko walivyowahi kuusikia wimbo ule, imeruka ghafla kama ndama aliyefunguliwa zizini.

Orlena hakuuliza. Akaukodolea macho mkono ule akaufuata, akakosa, akaudaka, na fidla ya Wendell ikaingia chini yake taratibu isimpoteze.

"Hiyo ndiyo!" Zelma alipiga kelele. "Miaka nane nimeitafuta, mwana we!"

"Ulikuwa umeisahau?" Orlena aliuliza huku mkono ukienda. "Sasa ile bado, bado..."

"Nilikuwa najiambia mimi! Nafuata, nafuata, nafika mlangoni, nyinyi mnasimama! Inaniponyoka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mimi, Zelma, nimesahau Ndama wa Mjane? Nilidhani ndio mapigo yenu ya siku hizi. Tena! Kutoka mwanzo!"

Doyle alizima injini, akakaa kwenye ngazi.

Wakarudi mwanzo. Ya kwanza, ya pili, wakapita pale pasipo kusita, na mkono wa Zelma ukainuka kuingia ya tatu. Ukabaki hewani. Akajaribu tena, midomo ikitafuta, na hakuna kilichotoka. Macho yakamjaa machozi.

"Imekwenda," alisema.

"Haijakwenda, Shangazi," Orlena alisema. "Mimi ninayo."

Akaipiga yote, mpaka mwisho.