Siku Mama Aliposimama Mara ya Pili

Kila Alhamisi alasiri akina mama wa kanisa letu hukusanyika katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu, na simu yangu huwekwa ndani ya sufuria tupu. Sufuria hukuza sauti. Dada yangu hupiga kutoka huko mbali alikotumwa na kanisa pamoja na mumewe na binti yao. Anatusalimu, anataja mambo ya kuombewa, na akina mama wanamwitikia wakiwa wameinamia ile sufuria kama watu wanaotazama mboga kama imeiva.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunashona huku tukisubiri. Familia ilitarajiwa likizo juma lililofuata, nasi tulikuwa tunamalizia gauni la binti, ambaye sote tunamwita Kadogo. Simu ikaita.

"Bwana asifiwe," Dada akasema ndani ya sufuria.

"Ameeen!"

"Hamjambo, mama zangu?"

Salamu hiyo ilitoka mara mbili, kwenye sufuria na mlangoni. Tukageuka. Dada alikuwa amesimama kizingitini, simu sikioni, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake Shemeji alikuwa amebeba masanduku, akicheka kimyakimya kama mtu aliyekatazwa kucheka.

"Tulipata gari mapema," Dada akasema. "Nikaona niwapigie tu kama kawaida."

Fundi wetu wa cherehani alipiga kigelegele, na akina mama wakamvamia Dada hata nikaogopa wataangushana. Mimi nililia, maana mimi hulia kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mama, aliyetuzaa mimi na Dada, alikuwa wa mwisho kuinuka. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama. Alikunja gauni, akaweka kitambaa chake cha kichwa sawa, kisha akanyoosha mkono.

"Karibuni, watumishi wa Mungu. Kanisa limefurahi."

Dada alikuwa ameshafungua mikono yote miwili. Akaishusha taratibu, akaushika mkono wa Mama, akapiga goti kidogo.

"Asante, Mama," akasema.

Fundi alituokoa. "Kadogo yuko wapi? Aje ajaribu nguo yake!"

Kadogo akajitokeza nyuma ya baba yake. Alikuwa amenizidi kimo. Tulimvalisha hivyohivyo, kichwa kilipita, mabega yakagoma. Gauni lilikatwa kwa kufuata picha ya familia iliyobandikwa ukutani, ile tunayoitazama tukiomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba picha haikui.

"Jamani, mmemshonea mdoli?" Kadogo aliuliza, sauti ikitokea ndani ya kitambaa.

"Tumemshonea yule wa ukutani," Fundi akajibu. "Wewe huyu hatukuletewa taarifa."

"Nitalitanua," Mama akasema.

"Mwenyekiti, hapa hakuna cha kutanua. Labda tumpunguze mtoto."

Chumba kizima kikacheka. Mama naye alitabasamu, lakini niliona anavyolishika pindo lile, akilipitisha katikati ya vidole kana kwamba anatafuta mahali alipokosea.

Jioni, mimi na Dada tulikuwa jikoni tukiosha vyombo. Shemeji alikuwa ameshasinzia kwenye kiti sebuleni, na Kadogo alikuwa anampaka unga puani.

"Jumapili Mama atasimama tena," Dada akasema.

Nilijua anachosema. Katika kanisa letu hakuna anayetumwa, wala kurudishwa kazini baada ya likizo, mpaka mzazi wake asimame mbele ya watu. Mchungaji anamuuliza, "Unamtoa mwanao?" naye anajibu, "Nimemtoa." Ndipo mikono inawekwa na michango inaendelea; kwa walio likizo hufanywa Jumapili ya kwanza.

"Si ni jambo jema?" nikauliza.

"Mara ya kwanza alinitoa kama mtu anayempisha mgeni kiti. Hata hakumeza mate."

"Ulitaka afanyeje?"

"Sijui. Akohoe hata kidogo."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha. Akasugua sahani ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Kazi naipenda, mdogo wangu. Nitarudi. Lakini kule wananiita mama, na hapa mnaniita mmishonari. Hata Mama mwenyewe! Sasa mimi ni mtoto wa nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba kila Alhamisi, wenzake wakishaondoka, Mama hubaki nyuma "kuosha sufuria", sufuria ambayo haijapikiwa kitu. Lakini niliona neno hilo si langu kulisema. Nikafuta mikono, nikamfuata Mama chumbani. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya Jumapili.

"Mama, Dada anadhani humkumbuki."

Pasi ikasimama hewani. "Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Mtu wa kazi ya Mungu haliliwi, mwanangu. Ukimlilia, unamfunga miguu. Sisi tulifundishwa hivyo. Hana wa kwenye Biblia alimtoa mwanawe Samweli, hukusoma kwamba alilia siku hiyo."

"Lakini kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo, Mama. Alimpelekea mwenyewe. Alimwona alivyokua."

Mama alitazama ukuta mtupu juu ya kitanda.

"Nenda zako," akasema hatimaye. "Utanifanya niunguze nguo."

Pasi ilikuwa bado hewani.

Jumapili kanisa lilijaa. Dada, Shemeji na Kadogo walisimama mbele, wakitazama watu. Kadogo alikuwa amevaa gauni la mamake, likamkaa vizuri. Mchungaji alifunga mahubiri mapema kuliko kawaida yake, akaita wazazi. Wakwe wa Dada walikwisha kufariki, na baba yetu pia, hivyo Mama aliinuka peke yake.

"Mzazi," Mchungaji akauliza, "unamtoa mwanao?"

Watu walikuwa wameshavuta pumzi ya kuitikia. Mzee mmoja kwenye viti vya pembeni alisema "Ameni" kabisa, akajikuta peke yake.

Mama alikuwa kimya. Nilimwona Dada akitazama sakafu, uso ameutuliza kama mtu anayengoja sindano.

"Mzazi?" Mchungaji akarudia kwa upole.

"Nimekusikia, Mchungaji. Tatizo siyo masikio."

Wachache wakacheka. Mama akaacha kuwatazama watu, akamgeukia Dada, na Dada akainua macho. Mama akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha mafua.

"Kazi yake ni njema," alisema, na sauti haikuwa ile ya mwenyekiti. Ilikuwa ile aliyotuamshia asubuhi tulipokuwa wadogo. "Aende, nami nitamwombea. Lakini simtoi. Mara ile nilisema nimemtoa, nikarudi nyumbani nikakuta bado ni wangu, na tangu hapo sijapitisha siku bila kumlilia." Akavuta pumzi. "Mwanangu, nakukumbuka mpaka naumwa. Nenda, kisha urudi kwangu. Mimi mama yako nakungoja."