Kabla ya Siku ya Arobaini na Tisa

Toyozo Kasuga alikuwa mtu wa mapanga, usimwambie kitu kingine. Miaka hamsini alifua visu katika karakana yake pale mjini Sanjo, Japani, na alipostaafu hakutaka kuona chochote kwenye televisheni ila tamthilia za wapiganaji wa kale, wanaume wa makoti mapana wanaokatana kwa ajili ya heshima. Hata hizo alizikosoa: panga gani hilo la bati, halikati hata figili. Mkewe, Sumie, yeye alipenda tamthilia za Kikorea, zile ndefu za mapenzi na machozi, ambazo mzee alizibatiza jina la maji ya vitunguu. Toyozo akiingia sebuleni, Sumie alizima za kwake bila neno, akaenda zake jikoni.

Mwezi wa kumi Sumie akafa. Moyo tu, ghafla, asubuhi akianika nguo.

Siku ya ishirini na mbili baada ya kifo, binti yao Chizuru alikuja kupanga vitu vya marehemu, akakuta mashine ya diski imesimamishwa kwenye sehemu ya thelathini na nane, na tamthilia yenyewe ina sehemu sabini. Akasema, kwa kusema tu, kwamba maskini Mama hakuimaliza.

Neno hilo likamkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Kwao marehemu huwa bado yupo karibu na nyumba kwa siku arobaini na tisa. Siku hiyo mtawa wa Kibudha huja kusoma sala, ubao mweupe wenye jina la marehemu huondolewa kwenye madhabahu ya nyumbani, huwekwa ule mweusi wa kudumu, naye huenda moja kwa moja. Toyozo hakuwa mtu wa dini sana, lakini alishikwa na hofu ya kweli: kwamba mkewe ataondoka huku moyo ukibaki nyuma, ukitaka kujua yaliyotokea. Akamwambia Chizuru kwamba ataimaliza yeye, na kila asubuhi atamsimulia mama yake.

"Wewe, Baba? Tamthilia ya mapenzi?"

"Mapigano ni mapigano."

"Humo hamna mapigano."

"Basi nitavumilia," akasema mzee, na hakutania.

Kuvumilia kwenyewe kulikuwa kazi. Siku ya kwanza usingizi ulimchukua dakika ya kumi. Siku ya pili aliwachanganya dada wawili, maana kila mmoja alilia kwa sura ileile. Mwanamume mzima alimaliza saa nzima akishindwa kumwambia mwanamke neno moja, na Toyozo akaona heri apigwe nyundo kidoleni. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alirudia tangu mwanzo wa sehemu, akaandika majina nyuma ya karatasi ya kalenda, nani mtoto wa nani, nani kamkosea nani.

Asubuhi aliweka bakuli la kwanza la wali na kikombe cha chai madhabahuni, akawasha ubani, akagonga kengele ndogo, akatoa taarifa kama alivyozoea kuitoa karakanani. Jana mama mkwe kamnyang'anya Bo-kyung mtoto. Yule daktari ni mwongo, nilimjua mapema. Bo-kyung kapata kazi ya kuosha vyombo. Ilipofika sehemu ya hamsini na moja alisahau kula mchana, na alimtukana mama mkwe kwa sauti hata akajionea aibu. Kwenye sehemu ya sitini, mume wa Bo-kyung alikunywa supu aliyopikiwa, akasukuma bakuli, akaondoka bila kumtazama mpishi. Toyozo alizima. Sehemu hiyo hakumsimulia Sumie.

Siku ya arobaini na sita akakuta diski ya mwisho haipo. Sumie alikuwa akibadilishana diski na Bibi Wakui, muuza tofu wa mtaa wa nyuma, basi mzee akavaa kofia akaenda. Akamweleza shida yake: sehemu ya sabini hana, mkewe hakuiona, na zimebaki siku tatu.

Bibi Wakui akafuta mikono kwenye aproni. "Nani hakuiona? Sumie ameitazama tamthilia hiyo mara mbili mpaka mwisho. Hii ilikuwa ya tatu."

"Mashine ilisimama thelathini na nane."

"Uliingia wewe, akazima."

Mzee akauliza sababu ya kutazama mara tatu kitu unachokijua. Bibi Wakui akaona bora aseme. Kila alipoanza upya, Sumie alitupa neno mezani wakati wa chakula: sijui yule msichana itakuwaje.

"Mwisho anaujua. Alikuwa anangoja umuulize, msichana gani? Basi, hilo tu. Mwanzoni alinisimulia akicheka. Safari hii hakucheka."

Toyozo alilikumbuka neno lile. Alilisikia mara nyingi, na jibu lake alilikumbuka pia. Alikuwa akisema, "Chai," naye Sumie akainuka kuileta.

Akapewa diski, akaiweka nyumbani juu ya televisheni, asiiguse.

Siku ya arobaini na tisa mtawa alimaliza sala, ubao mweusi ukawekwa mahali pake, ndugu wakakaribishwa kwenye chakula. Mzee hakuinuka. Chizuru akamshika mkono wa koti, akamnong'oneza kwamba wageni wanamngoja, hakuna atakayeshika vijiti vya kulia kabla yake.

"Sumie," akasema mzee, yeye ambaye miaka arobaini na minne alimwita mkewe "wewe". "Yule msichana, mwisho wake ulikuwaje?"

Sikio lake la kulia lilikufa zamani kwa nyundo, kwa hiyo akageuza la kushoto kuelekea madhabahu, akangoja. Swali hilo angeweza kuliuliza siku yoyote mezani, akajibiwa mpaka chakula kipoe. Sasa mwenye jibu alikuwa ameshaondoka, hata nusu saa haijapita, na Toyozo alilia mbele ya watu bila kujifuta.